Upasuaji wa kupunguza uzito: upi unakufaa?
Anza na kiungulia. Kama kinakuamsha usiku, usikimbilie kukatwa tumbo libaki kama mrija: upasuaji huo huondoa karibu asilimia 80 ya tumbo, haurudishiki, na mara nyingi huzidisha asidi. Mchepuko wa tumbo ndio humfaa zaidi mtu huyo, na mwenye kisukari pia. Hubaki kijifuko cha mililita 30 hivi, na chakula huruka sehemu ya utumbo. Lakini una masharti: vidonge vya vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu maisha yote, dawa ya maumivu diklofenaki marufuku, huleta vidonda tumboni, soda huweza kukutoa jasho na kukuharisha. Pete ya tumbo, ile inayofungwa kubana sehemu ya juu ya tumbo? Huteleza, tena hudai kurekebishwa kila mara. Ukikaa mbali, tuseme Arua na daktari yuko Kampala, iache.