Mswada wa Fedha na kitabu kutoka nje: namna ya kuusoma

Aprili ikielekea ukingoni, wateja huanza kuniuliza, "Mama, vitabu vitapanda tena?" Ninauza vitabu na majarida hapa Mombasa, mengi yanatoka Uingereza na India, na jibu silisubiri redioni. Mswada wa Fedha wa mwaka huo, ule wenye mapendekezo ya kodi, ukichapishwa, naufungua mwenyewe. Nawe utauweza, hata kama sheria hukuisomea.

Upakue kwenye tovuti ya Bunge, kisha anzia nyuma. Kurasa za mwisho zina maelezo ya malengo na sababu, kila kifungu kwa sentensi chache. Andika namba za vinavyokugusa. Halafu rudi kifungu cha kwanza, ndiko ziliko tarehe za kuanza kutumika, na mara nyingi haziwi tarehe moja.

Vifungu vya katikati ukivisoma peke yake hutaambulia kitu: futa aya hii, ingiza maneno haya. Mswada ni viraka tu. Shati lenyewe ni Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2013, basi iwe wazi pembeni. Nenda kwenye majedwali yake. La Kwanza ni la bidhaa zilizosamehewa VAT, la Pili ni la zile zinazotozwa asilimia 0. Hapo ndipo wengi hupigwa chenga. Bidhaa ikisamehewa, mnunuzi halipi VAT, lakini mimi muuzaji sirudishiwi ile niliyolipa kwenye pango la duka na umeme, kwa hiyo naiingiza kwenye bei kimyakimya. Ikiwa ya asilimia 0, narudishiwa. Mwanasiasa akikutangazia kuwa vitabu "vimesamehewa", muulize ni jedwali lipi.

Sheria hiyo ya 2013 ndiyo iliyotia vitabu kwenye VAT ya asilimia 16. Mzigo wa shilingi 100,000 kwa hesabu hiyo unadaiwa 16,000 kabla hujagusa ada ya tamko la bidhaa, tozo ya reli na wakala wako wa forodha, ambaye naye ana watoto wa kusomesha.

Ushuru wa forodha usiutafute humo. Huo hupangwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pamoja, na mabadiliko ya mwaka hutoka kwenye gazeti rasmi la Jumuiya, Juni ikimalizika. Forodha huzitambua bidhaa kwa namba, basi tafuta 4901 kwa vitabu na 4902 kwa magazeti na majarida. Vitabu vina asilimia 0. Kenya ilijiunga mwaka 1967 na Mkataba wa Florence wa UNESCO, wa 1950, unaokataza ushuru wa forodha kwa vitabu. Mkataba huohuo unaruhusu kodi ya ndani, mradi isizidi anayotozwa mchapishaji wa hapa nyumbani. VAT imepitia mlango huo.

Ukiona kifungu kibaya, usiishie kulalamika kwenye WhatsApp. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lishirikishe umma. Tangazo hutoka magazetini na siku huwa chache. Mwandikie Karani wa Bunge la Taifa ukurasa mmoja: namba ya kifungu, unachotaka kifanyiwe, na hesabu ya ankara yako halisi, mstari kwa mstari. Malalamiko yasiyo na tarakimu ni rahisi kuyapuuza.

Filamu na muziki wa mtandaoni havipiti bandarini, kwa hivyo humo soma vifungu vinavyorekebisha Sheria ya Kodi ya Mapato. Kampuni za nje zilianza kutozwa asilimia 1.5 ya mapato ghafi Januari 2021. Mswada wa 2024 ulitaka kuigeuza kodi hiyo: asilimia 20 ya mauzo ihesabiwe faida, itozwe asilimia 30, yaani 6 kwa kila 100. Vijana wakaingia barabarani, Rais akakataa kuutia saini Juni 26, tukashangilia. Kumbe kifungu hakikuzikwa. Kilirudi katika mswada mwingine wa marekebisho ya sheria za kodi, faida ikikadiriwa asilimia 10, na kikaanza kutumika Desemba 27 mwaka uleule: 3 kwa kila 100, mara mbili ya ile ya zamani. Tovuti ya Bunge ichungulie hata Novemba, wakati magazeti yote yameshahamia habari za Krismasi.