Kupanga Safari na Malazi ya Mkutano wa Kitaaluma Arusha

Mwongozo huu ni kwa mratibu au katibu muhtasi aliyekabidhiwa kazi ya kuwapeleka wenzake kutoka Dar es Salaam hadi Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, yaani AICC, na kuwarudisha na vielelezo vyote vya marejesho, yaani uthibitisho wa jinsi fedha za safari zilivyotumika. Nimeifanya kazi hiyo miaka kadhaa, na makosa mengi nimeyafanya mwenyewe.

Hatua ya 1: Hesabu usiku, si siku. Mkutano wa siku 3 kwa kawaida unadai malazi ya usiku 3 au 4, kutegemea usajili unafunguliwa saa ngapi na kikao cha kufunga kinamalizika lini. Soma ratiba, tambua nani anawasilisha mada asubuhi ya kwanza, kisha ndipo uandike maombi ya kibali cha safari na masurufu (fedha za safari zinazotolewa kabla ya kuondoka), kwa sababu kuomba nyongeza ya usiku mmoja baada ya kibali kutoka ni kazi nzito kuliko safari yenyewe.

Hatua ya 2: Shika vyumba kabla ya tiketi. Wengi hufanya kinyume, nami siwaungi mkono. Kati ya Juni na Oktoba watalii wanaoelekea Serengeti na Ngorongoro hujaza hoteli za Arusha, na mji huo pia ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo mkutano wenu unaweza kukutana na mingine wiki hiyohiyo. Omba profoma, yaani ankara ya awali ya bei, kutoka hoteli 3, na katika kila moja utafute majibu ya maswali haya: je, bei imejumuisha VAT ya asilimia 18 na kifungua kinywa, malipo ya awali yanatakiwa lini, na ni tarehe gani ya mwisho ya kupunguza vyumba bila kutozwa? Ahadi ya simu kwamba “chumba kipo” isikutulize, kwani chumba ambacho hakijalipiwa chochote hupewa anayetangulia kufika na fedha. Kuhusu eneo, mimi huchagua hoteli ambayo mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi AICC, hata ikiwa ghali kidogo, maana nafuu ya vyumba vya mitaa ya mbali kama Sakina au Njiro humalizikia kwenye teksi za asubuhi na jioni.

Hatua ya 3: Taja uwanja wa ndege kwa jina. Arusha ina viwanja 2 vinavyochanganywa mno: ule mdogo wa Kisongo, ulio jirani na mji upande wa magharibi, na KIA, yaani Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ulio umbali wa takriban kilomita 50 kwenye njia ya Moshi. Mwaka mmoja niliandika “uwanja wa ndege” tu kwenye orodha ya dereva. Dereva akasubiri Kisongo, huku mtoa mada wetu akiwa amesimama KIA kwenye jua la saa 8 mchana, ameegemea bomba la kubebea mabango yake, akinipigia simu kwa adabu iliyokuwa ikipungua kila mara. Tangu hapo orodha yangu ina jina la uwanja, namba ya ndege, saa ya kutua na simu ya dereva, na nakala yake anayo msafiri pia. Anayekwenda kwa basi kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, huwa barabarani karibu siku nzima, kwa hiyo mwongezee usiku mmoja wa kulala.

Hatua ya 4: Kagua hati za wageni. Mwenzenu wa Nairobi anayepitia mpaka wa Namanga akumbushwe mapema kubeba pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa kitambulisho cha taifa anachokitumia kwenda Uganda hakitamtosha hapo. Kwa safari ya Julai mwambie kila mtu abebe sweta. Watu wa Dar hawaamini mpaka wafike.

Hatua ya 5: Anza marejesho hotelini. Siku ya kuondoka, kila msafiri adai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye jina na TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya mwajiri, alinganishe kiasi na profoma akiwa bado mapokezi, kisha aitoe kopi siku hiyohiyo, kwa sababu maandishi ya risiti hizo hufifia, na mhasibu hapokei karatasi nyeupe.