Manukuu ya Kiswahili: kazi ya mtandaoni kwa kijana wa Uganda asiye na mtaji

Kijana anayejua Luganda, Kiacholi au Runyankole, na Kiswahili kizuri, tayari ana bidhaa ya kuuza. Makanisa, wasanii na wakulima wa Uganda hupakia video YouTube kwa lugha zao, lakini mtazamaji wa Mwanza au Eldoret haambulii kitu. Kazi yako ni kumwekea manukuu, yaani maandishi ya Kiswahili yanayoonekana chini ya video. Simu ya Android, vipokea sauti vya masikioni na bando dogo vinatosha. Anayekudai ada ya kujiandikisha ni tapeli. Mwajiri wa kweli hamtozi mfanyakazi.

Anza na sampuli ya dakika mbili. Tazama video kwa ubora wa chini wa 144p ili bando lisiishe upesi, kisha andika kwa programu ya maandishi matupu. Manukuu huhifadhiwa kwenye faili ya SRT, ambayo kila kipande chake kina namba, muda wa kuanza na kuisha, kisha maneno. Hukaa hivi:

1
00:00:01,000 --> 00:00:04,000
Hakikisheni mbegu zimekauka.

2
00:00:04,200 --> 00:00:06,500
Kisha ziwekeni mahali pakavu.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kabla ya tarakimu tatu za mwisho huwekwa mkato, si nukta. Kati ya kipande na kipande lazima mstari mmoja uwe mtupu. Programu nyingine hugeuza vistari vya katikati kuwa mshale, na faili inakataliwa. Simu nazo hupenda kuihifadhi kama .srt.txt, basi badilisha jina. Hifadhi kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote), la sivyo ŋ ya Luganda itageuka alama za ajabu.

Tafsiri ya neno kwa neno haisomeki kwa wakati. Kadiria herufi zisizozidi 17 kwa sekunde, mistari miwili tu, kila mmoja usivuke herufi 42. "Wakulima wanapaswa kuhakikisha kwamba mbegu zimekaushwa" inapita herufi 50, nyingi mno kwa sekunde tatu. "Hakikisheni mbegu zimekauka" inabeba ujumbe uleule kwa nusu ya nafasi. Kupunguza maneno bila kupoteza maana ndiko kunakolipwa.

Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, kwa hiyo tafuta wateja kupitia namba na barua pepe walizoweka kwenye chaneli zao za YouTube. Mtumie mteja sampuli ya video yake mwenyewe, si ya mtu mwingine. Usiombe nywila yake kamwe: apakie faili mwenyewe kwenye YouTube Studio, ukurasa wa kusimamia chaneli, au akupe ruhusa ya kuhariri manukuu tu.

Bei ipange kwa dakika ya video, si kwa siku. Pima kwanza: dakika moja ya video ikikula dakika 12 za kazi, na unataka shilingi 5,000 kwa saa, toza 1,000 kwa dakika. Sauti yenye kelele au watu wanaoongea kwa pamoja itachukua muda zaidi, hivyo isikilize kabla ya kutaja bei. Pokea nusu kwa MTN MoMo au Airtel Money kabla ya kuanza, na ujumlishe gharama ya kutolea.

Fiverr, soko la kazi za mtandaoni, haina ada ya kujiunga, ila hukata asilimia 20: kazi ya dola 5 inakuachia 4. Jiandikishe kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako cha taifa. Majina yasipolingana, akaunti inaweza kuzuiliwa.