Maputo mawili, uzi na sweta: kuiona kani ya umeme kwa macho

Wanafunzi wangu wengi huandika kwamba umbali kati ya chaji mbili ukiongezeka mara mbili, kani inabaki nusu. Inabaki robo. Ubaoni hawaniamini, ila kwenye maputo huamini.

Hatua ya 1. Tafuta ukavu. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, na chaji huvuja upesi. Washa kiyoyozi saa nzima kabla, funga madirisha. Niliwahi kujaribu katikati ya masika, darasa likiwa wazi: maputo hayakusogea hata kidogo.

Hatua ya 2. Puliza maputo mawili yalingane, yawe na ukubwa wa dafu dogo. Yatundike kwa nyuzi za naironi kwenye msumari mmoja, mita 1 kutoka msumari hadi katikati ya puto.

Hatua ya 3. Yasugue pande zote kwa sweta la sufu. La mtumba linafaa kabisa. Yote mawili hupata chaji hasi, kwa hiyo yatasukumana. Pima ukiwa mbali kidogo, maana hata mkono wako huyavuta.

Yangu yalitengana sm 30, kila moja sm 15 kutoka katikati. Puto la gramu 2 lina uzito wa N 0.02 (N ni newton, kipimo cha kani). Limesogea sm 15 kwenye uzi wa mita 1, yaani 0.15 ya urefu wake, na kani inayolisukuma ni karibu sehemu hiyohiyo ya uzito: 0.02 × 0.15 = N 0.003.

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Gusagusa puto moja kwa kitambaa chenye unyevu lipoteze sehemu ya chaji, kisha uliza: lipi litasogea zaidi? Wengi husema lenye chaji nyingi. Yote husogea sawasawa! Katika kanuni ya Coulomb ya mwaka 1785, chaji mbili huzidishwa: F = kq₁q₂/r², ambapo F ni kani, q₁ na q₂ ni chaji, r ni umbali kati yake, na k ni namba isiyobadilika. Kani ni moja, ya maputo yote mawili. Chaji ya moja ikipungua nusu, kila moja linasukumwa kwa nusu.

Hatua ya 5. Sugua upya, tundika kwa nyuzi zilezile kwenye misumari miwili iliyoachana sm 30; kadiri puto linavyosogea kutoka chini ya msumari wake, ndivyo kani ilivyo. Kila puto lilisogea sm 7, umbali ukawa sm 44. Misumari ikiwa sm 60, kila puto lilisogea sm 3, umbali sm 66, yaani mara 1.5. Kani ingepungua mara 1.5 tu, puto lingesogea karibu sm 5. Lakini 1.5 × 1.5 ni 2.25, na 7 ukigawa kwa 2.25 unapata karibu 3.