Mota ya DC ijifanye springi, nilivyofanya mi hapa Mtwara

Kuna dogo hapa Chikongola anatengeneza usukani wa gemu, akaja na mota akaniambia kaka nataka nikiizungusha kwa mkono irudi yenyewe katikati. Nikamwambia basi hiyo ni springi, tunaiandika kwenye programu. We vuta tawi la mkorosho, kadiri unavyolivuta ndo linazidi kukukatalia, ukiliachia linarudi linacheza cheza alafu linatulia. Ndo hivyo hivyo.

Hatua ya 1: mota
Usichukue mota ya waipa ya gari, mi nilipoteza Jumamosi nzima. Gia yake ni ya skrubu, unazungusha shafti mpaka kiganja kiume na haiendi, sa springi isiyovutika springi gani? Chukua mota ya volti 12 yenye gia ndogo na enkoda (kile kinachohesabu mzunguko) nyuma. Yangu gia ni 1 kwa 34, enkoda pulsi 11, ukihesabu kila badiliko kwenye waya zake zote mbili za ishara unapata 11 × 4 × 34 = hesabu 1,496 kwa mzunguko mmoja wa shafti.

Hatua ya 2: waya
Arduino Uno (kibodi kidogo kinachoendesha programu), draiva ya L298N (ndo inayoipa mota umeme), betri ya bodaboda. Enkoda kwenye pini 2 na 3 maana ndo zenye intarapti (zinakatisha programu papo hapo ihesabu pulsi), alafu za draiva: ENA ya nguvu pini 9, IN1 na IN2 za upande wa kuzunguka pini 7 na 8. Hasi ya betri na hasi ya Arduino ZIUNGANE, ukisahau hii utahangaika mpaka usiku. L298N inakula kama volti 2 hivi, usishangae mota kupata 10.

Hatua ya 3: programu
Moyo wake ni huu tu, unarudiwa kila milisekunde 1:

```
noInterrupts();
long n = nafasi;
interrupts();
long kosa = n - kituo;
kasi = 0.9*kasi + 0.1*(n - nZamani);
nZamani = n;
float nguvu = -k*kosa - b*kasi;
nguvu = constrain(nguvu, -255, 255);
```

Hapo nafasi ni hesabu ya enkoda, kituo ni pale katikati, k ni ugumu wa springi, b ni breki ya kuzuia kuyumba. Alama ya nguvu (chanya au hasi) inaamua IN1 na IN2, ukubwa wake unaenda analogWrite kama PWM, yani umeme unaowashwa na kuzimwa haraka, 0 mpaka 255. Hiyo noInterrupts usiitoe, nafasi ina baiti 4 na Uno inasoma baiti moja moja, enkoda ikiingilia katikati namba inaruka na mota inashtuka kama kaona nyoka. Na kasi nimeilainisha kwa sababu ukizungusha taratibu, ndani ya milisekunde 1 unapata hesabu 0 au 1 tu, ukiitumia mbichi mota inatetemeka.

Alafu wengi wakiona hivi wanakimbilia PID kamili, ile kanuni ya kusahihisha kosa yenye sehemu tatu P, I na D. Hapana! Ile I inajumlisha kosa mpaka liishe, yani ukiivuta na kuishikilia inazidi kukaza tu, hiyo sio springi ni ubishi. Springi lazima ikubali kukosea, nguvu ifuate umbali basi.

Hatua ya 4: kuijaribu
Kwanza weka kikomo 60 badala ya 255. Ukikosea alama au ukigeuza waya mota inakimbia badala ya kurudi, yangu ilirusha kijiti nilichofunga kwenye shafti kikaangusha kikombe cha chai. Ikikimbia, badilishana waya mbili za mota.

Anza k = 1 na b = 0. Ikirudi sawa rudisha kikomo 255, sasa ukivuta nyuzi 45 ni hesabu 187, kwa hiyo PWM 187, na ukifika kama nyuzi 61 umegonga 255, kuanzia hapo haizidi kukaza. Ukiiachia itayumba, sasa panda b kutoka 10, tano tano, mpaka iyumbe mara moja tu. Ukizidisha b unahisi kama unakoroga ugali.

Mlio kama wa mbu ni PWM ya herzi 490, kwenye setup weka `TCCR1B = (TCCR1B & 0xF8) | 1;` inapanda herzi 31,000 na kidogo, sikio halisikii.

Ikirudi lakini inaishia pembeni ya kituo, ni msuguano wa gia. Yangu haiamki chini ya PWM 40, kwa hiyo kosa likizidi hesabu 3 naongeza 30 upande wa nguvu. Ukiongeza 40 nzima inaunguruma pale katikati bila kutulia, nimejaribu.

Dogo alipenda k = 0.6. Nimemkataza tu kuushikilia usukani umepinda muda mrefu, mota iliyosimama umeme wote unageuka joto, siku ya kwanza alishika dakika kadhaa tukasikia harufu.