Kutumia jina la Petrarca kwenye Kiingereza bila kukosea

Anayesoma fasihi ya Kiingereza kidato cha tano na sita, awe Iringa, Mbeya au Njombe, hukutana mapema na neno "Petrarchan". Akishalizoea, hulibandika kwenye kila shairi la mapenzi, na hapo ndipo maksi zinapopotea. Neno hili lina kazi mbili kubwa, na kila kazi ina masharti yake.

Asili yake ni Francesco Petrarca, mshairi wa Italia aliyezaliwa Arezzo mwaka 1304 na kufariki mwaka 1374. Waingereza walimwita Petrarch, kisha wakaongeza -an. Hili ni jina la ukoo. "Dantesque" ni tofauti: limetokana na Dante, mshairi mwingine wa Italia, na hilo ni jina lake la kwanza, maana ukoo wake ni Alighieri.

Matamshi kwanza. Sisi tukiona ch tunasoma kama kwenye chai. Hapa ch ni k: PET-raak, mkazo mwanzoni, halafu pe-TRAA-kan, mkazo katikati. Usimalizie kwa irabu. Herufi ya kwanza ni kubwa siku zote.

Kosa la pili ni la mpangilio. Kiswahili hutanguliza nomino, Kiingereza hutanguliza kivumishi: andika "a Petrarchan sonnet" (sonnet, yaani soneti, ni shairi la mishororo 14), usiandike "a sonnet Petrarchan". Na usichanganye na "Petrarch's sonnet", ambayo ni soneti aliyoitunga Petrarca mwenyewe. Mwanafunzi wa Tukuyu anaweza kutunga "a Petrarchan sonnet" leo jioni. "Petrarch's sonnet" hawezi kuitunga yeyote tena.

Kazi ya kwanza ya neno ni kutaja umbo. Kabla ya kuliandika, chukua penseli uhakiki. Hesabu mishororo: lazima iwe 14. Pembeni ya kila mshororo andika herufi ya kina chake. Minane ya kwanza itoe abbaabba, yaani kina a kwenye mshororo wa 1, 4, 5 na 8, na kina b kwenye 2, 3, 6 na 7. Sita ya mwisho huwa na uhuru zaidi. Cdecde na cdcdcd ndiyo mipangilio ya kawaida. Kisha tafuta mgeuko wa wazo karibu na mshororo wa 9: minane imeleta tatizo au swali, sita inajibu au inageuka. Ukipata abab cdcd efef gg, hiyo ni soneti ya Shakespeare, hata kama inalia mapenzi kuanzia juu hadi chini.

Hapa kwenye vina ndipo aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili hujikwaa, na kosa lake linaeleweka. Kwetu kina ni silabi: mishororo ikiishia na -ni, kina kimekamilika. Kiingereza huanzia kwenye irabu yenye mkazo na kwenda hadi mwisho wa neno. Kwa hiyo "nation" na "motion" si vina, japo zote zinaishia na -tion, kwa sababu irabu zenye mkazo hazifanani. "Love" na "move" zinafanana kwa jicho, sikio linazikataa. Soma kwa sauti, usihukumu kwa tahajia. Pia jihadhari na Thomas Wyatt, aliyeingiza soneti kwenye Kiingereza karne ya 16: minane yake hufuata Petrarca, lakini mara nyingi hufunga kwa mishororo miwili ya kina kimoja. Mtaje kwa uangalifu huo.

Kazi ya pili ni kueleza namna ya kupenda na kusifu. Petrarca alimwandikia Laura, mwanamke asiyempata, maisha yake yote ya utunzi. Kwa hiyo "a Petrarchan lover" lazima awe mbali na anayempenda. Kijana wa Mwanjelwa anayemtazama binti miaka mitatu, anamtungia mashairi, wala hajibiwi, huyo anastahili neno hili. Anayepigiwa simu kila usiku na kupanga mahari hastahili, hata awe na maneno matamu kiasi gani.

Tazama na tamathali zake: macho ya mpenzi kuwa jua, moyo kuwa jahazi ndani ya dhoruba, na hasa vinyume viwili kwa pamoja, kama mtu anayeganda kwa baridi ya Njombe ya mwezi Juni huku kifua kinawaka moto. Sifa za namna hiyo huitwa "Petrarchan conceits". "Mpenzi wangu mzuri" peke yake haifiki hapo.

Yote mengine aliyoyafanya hayamo ndani ya neno. Petrarca aliandika barua maarufu kuhusu kupanda Mont Ventoux, Ufaransa, mwaka 1336, lakini ukipanda mlima Loleza wa Mbeya na kuiita safari yako "Petrarchan", msomaji wa Kiingereza atatafuta soneti au mpenzi asiyepatikana. Kwa safari kama hiyo, mtaje Petrarch kwa jina na useme barua yenyewe.