Piga Picha za Kibo Ukiwa Bado na Akili

Wageni ninaowapandisha Kilimanjaro kwa njia ya Machame huja na kamera nzuri kuliko yangu, na wengi hurudi Moshi na picha moja tu: ile ya ubao wa kilele cha Uhuru, macho mekundu, kofia imeshuka hadi puani. Tatizo huwa siyo kamera. Wanaahirisha picha zote hadi kileleni, na kwenye mita 5,895 kila pumzi inakupa takribani nusu ya oksijeni unayoipata ukiwa Dar es Salaam. Pale mtu husahau hata kitufe cha kuwashia kiko wapi. Basi maamuzi yote yafanye ukiwa chini, juu ubonyeze tu.

Anza Shira. Kambi iko upande wa magharibi wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kwa hiyo jua la jioni linaupiga mlima usoni na miamba ya zamani ya volkano inageuka rangi ya kutu. Bahati mbaya, saa kumi ndiyo saa ya chai na bisi kwenye hema la chakula, na wageni wakikaa hawanyanyuki tena. Kunywa chai yako, sikukatazi, lakini saa kumi na moja na nusu uwe nje. Mawingu yanayopanda kutoka msituni mchana mara nyingi hushuka muda huo, na mlima wote unafunguka. Tumia lenzi ndefu kidogo, milimita 70 hadi 200. Lenzi pana itaufanya mlima mkubwa kuliko yote Afrika uonekane kichuguu.

Lava Tower utafika mchana, jua kali au ukungu mzito. Pale usihangaike na rangi. Subiri kikundi kipite chini ya jabali, upate kulinganisha urefu, piga, kisha ule.

Kambi ya Barafu, kama mita 4,670, ndiyo darasa lenyewe. Mnafika mchana, mnakula, mnaambiwa mlale. Kabla ya kulala toka uangalie mashariki: jua likizama, mwanga wake wa mwisho unaishia kwenye meno ya Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro. Kwangu hiyo ni picha bora kuliko ya kileleni, na unaipiga umesimama nje ya hema lako.

Halafu rudi ndani uiandae kamera kwa ajili ya usiku. Futa kadi au weka mpya. Weka tundu la lenzi f/5.6 na kasi ya shata 1/250, kwa sababu mikono itatetemeka. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iachie kamera ichague. Chagua mafaili ghafi (RAW) pamoja na JPEG. Lenzi ni moja tu, ya milimita 24 hadi 70 au inayokaribiana na hiyo. Kubadilisha lenzi kule juu ni kualika majivu yaingie kwenye kihisi, maana vumbi la volkano ni jembamba na lina makali. Betri mbili ziweke kwenye mfuko wa shati la ndani kabisa, zigusane na mwili. Kwenye baridi ya nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, betri iliyojaa hujidai imekwisha. Ukiipasha moto inarudi. Simu ni hivyohivyo. Glavu vaa mbili, nyembamba ndani na nene juu, ili uvue moja tu unapopiga.

Mnaondoka kama saa sita usiku. Njiani usipige chochote, labda kuwe na mbalamwezi, na hata hapo muulize kwanza kiongozi wako, kwa sababu ukisimama unapoa na kikundi kizima kinapoa nawe.

Mkitokea Stella Point, kwenye ukingo wa kreta, alfajiri, jua litachomoza nyuma ya Mawenzi. Kila mtu anageukia huko. Piga mbili, tatu, kisha geuka. Kuanzia hapo hadi Uhuru unatembea kuelekea magharibi na jua liko mgongoni: kushoto kwako kuta za barafu ya kusini zinashika rangi ya waridi, kulia ni kreta yenye majivu meusi na mabaki ya barafu ya Furtwängler. Dakika 20 za kwanza ndizo zenye rangi. Na ukifika juu, kabla ya foleni ya ubao, tazama magharibi: kivuli cha mlima kimelala juu ya mawingu kama pembetatu. Kati ya Juni na Agosti kinaelekea karibu na Mlima Meru.

Sasa mwanga. Kamera ikiona barafu tupu inadhani mwanga umezidi, inaifanya ya kijivu, kama shuka lililofuliwa na soksi. Ongeza mwanga kwa hatua moja, hata moja na nusu, kisha angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera, isigonge ukuta wa kulia. Kwenye majivu na lava fanya kinyume, punguza nusu hatua. Barafu na lava vikiwa pamoja, linda barafu. Giza utalifungua baadaye kwenye kompyuta, lakini weupe ulioungua haurudi.

Weka mtu kwenye fremu. Ukuta wa barafu peke yake hauna kipimo, mtazamaji hajui kama ni mita mbili au ishirini. Mwenye koti jekundu asimame mbali nao, asiende chini yake, vipande huanguka. Na ukitaka kumpiga picha mgumu, yaani mpagazi, aliyebeba mzigo kichwani, mwombe kambini siku moja kabla, umwonyeshe picha, umtumie. Droni acha nyumbani, ndani ya hifadhi hairushwi bila kibali.

Ombi langu moja: andika uliposimama na ulikoelekeza lenzi, na acha GPS ya simu ifanye kazi. Kati ya 1912 na 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takribani asilimia 85, na mimi mwenyewe kuna kona napita sasa nakanyaga changarawe palipokuwa na ukuta. Picha yenye mahali na tarehe inaweza kulinganishwa na ya mtu mwingine atakayesimama hapohapo.

Mkianza kushuka Stella, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki, kisha begini. Kwenye ile changarawe kila mtu anateleza na vumbi linafika kifuani. Ukifika hemani usiufungue mfuko hadi kamera ipate joto taratibu, la sivyo lenzi italowa ukungu kwa ndani.